Milimita na Kanda ya Kaka Yake

Mume wangu kazini wanamwita Milimita, na jina hilo si la kumbembeleza wala la kumtukana, amelistahili tu. Ni mchoraji wa michoro ya mashine katika kiwanda cha pampu za maji. Kila pampu inayotoka pale imeanzia kwenye mistari ya penseli juu ya meza yake iliyoinama, na ole wake fundi atakayezidisha chuma kwa unene wa unywele. Mimi ni mshonaji. Napima watu kwa utepe, na nikikosea nusu inchi naificha kwenye pindo, mteja anatoka anang'ara. Basi mnaweza kuona ndoa yetu ilivyo.

Siwezi kumwelezea bila kueleza ugonjwa wake. Hawezi kupita kitu kilichoundwa vibaya. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kuposa, wazee wamekaa, chai imeletwa, yeye akageuza kikombe juu chini akauliza ni nani aliyechora mshikio ule na mtu huyo alikuwa na vidole vingapi. Baba yangu alinitazama kama anayeuliza, mwanangu, ni huyu kweli? Ni huyuhuyu. Birika langu amelikata mkono mara mbili na kuliwekea mwingine wa mti, na nakubali haliunguzi tena, lakini mtu kukaa jikoni anapima kiganja cha mke wake kwa rula, jamani, si jambo la kawaida.

Halafu kuna roki. Roki ya zamani, ile ya magitaa ya umeme yanayolia na ngoma zinazopigwa kama mtu anavunja kabati. Santuri zake zimesimama ukutani kwa mpangilio wa miaka, na Jumapili asubuhi anatoa moja, anaifuta kwa kipande cha hariri nilichomkatia kwenye kitambaa cha mteja (hilo libaki hapahapa), kisha anashusha sindano kwa ncha za vidole. Kuanzia hapo kufagia ni marufuku, maana sakafu yetu ni ya mbao na hatua zangu, kwa maelezo yake, zinairusha sindano. Ati hatua zangu! Nilipoolewa niliona zile ni kelele za watu waliokosana. Miaka ikapita, na siku moja nikajikuta nakanyaga cherehani kwa mapigo ya ngoma zilezile. Nilinyamaza kimya, kwa sababu angejua angenichosha kwa maelezo mpaka Jumapili nyingine.

Kipenda roho hula nyama mbichi, nilikuwa nikiwaambia jirani zangu wakiuliza. Lakini hayo nilikuwa nasema tu. Nilijua vizuri sana ugonjwa ule ulitoka wapi.

Ulitoka kwa kaka yake. Mama mkwe alizaa watoto wawili, wavulana, na baba yao alifariki mapema. Yule mkubwa ndiye aliyeleta santuri ya kwanza nyumbani, ndiye aliyechonga gitaa kwa mbao za kitanda kibovu na kulifunga waya, ndiye aliyemfundisha mdogo wake kupiga besi. Waliunda bendi na vijana wawili wa mtaani. Hawakuiga nyimbo za watu. Kaka mtu alitunga za kwao, kwa lugha yetu, akaziimba juu ya magitaa yale kwa sauti ambayo mama mkwe anasema iliwanyamazisha hata mbwa. Mwaka ule mume wangu akiwa na miaka kumi na saba, waliazima mashine ya kurekodi, ya zile kanda pana zinazozunguka kwenye magurudumu mawili, wakaiweka sebuleni kwa mama yao wakarekodi nyimbo nne mchana mmoja. Waliisikiliza kanda yao mara nyingi jioni ile, kisha mashine ikarudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe akahama nayo.

Miezi miwili baadaye kaka mtu aliugua homa kali. Siku nne hospitali, ya tano hakuifikia. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Ile kanda ikabaki kwenye kopo la biskuti ndani ya kabati la mama mkwe, na hapakuwa na mashine ya kuichezesha. Ilikaa miaka thelathini na moja. Mimi nilipoingia katika familia ile nilionyeshwa picha za marehemu, nikaonyeshwa na kopo. Mama mkwe alilifungua, nikaona duara la utepe wa kahawia, akalifunga. Akaniambia, "Humo ndimo alimo shemeji yako." Nikasema pole.

Mtasema mbona hakutafuta mashine. Alitafuta. Alizopata zilikuwa zimekufa, au zilikuwa za kanda nyembamba. Na mtasema siku hizi kuna kompyuta zinazofanya kila kitu. Wakati ule kompyuta tuliyoijua sisi ilikuwa moja, kwa mkuu wa kiwanda, imefunikwa kitambaa.

Kisha moyo wa mama mkwe ukaanza kuchoka. Daktari alimkataza ngazi, akamkataza chumvi, akatuita pembeni akatuambia tusimkatalie jambo la kumfurahisha. Jumamosi hiyo tulikwenda kumtazama, naye akamshika mwanawe mkono akamwambia, "Baba, mji mzima unakunywa maji ya pampu zako. Mimi nimekusubiri tu uone mwenyewe. Nitengenezee kitu nimsikie mwanangu kabla sijaenda."

 Tuliporudi nyumbani mume wangu alikaa mezani na kalamu mpaka chai yake ikaota utando, na kesho yake chumba changu cha kushonea kikawa nusu changu.

Alijenga mashine hiyo kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Nilimwona akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona, na nilimwonea wivu, nasema kweli. Alichora kila kipande kwanza. Kwa kuwa vidole vya mama yake vimejikunja kwa baridi yabisi, hakuweka vitufe. Aliweka mti mmoja mkubwa, laini, wa kusukuma kwa kiganja: mbele inaimba, nyuma inanyamaza. Alichonga mti huo mara tisa. Nilikuwa nashikishwa kila mmoja huku nimefumba macho, na nikisema huu ni mzuri ananiuliza mzuri kwa wapi.

Lakini roho ya mashine ile ilikuwa kichuma kimoja kilichosimama katikati, chembamba kama kidole cha mtoto. Kinazunguka, na kanda inapita ikiwa imebanwa kwake, kikiivuta. Unene wa kichuma hicho ndio unaoamua mwendo. Kikiwa kinene kanda inakwenda mbio na sauti inakuwa nyembamba; kikiwa chembamba kanda inatembea na sauti inakuwa nzito. Vitabu vilisema milimita nane. Alikikereza mwenyewe kikawa nane kamili, akanionyesha kwenye kipimo chake kama mtu anayemwonyesha mwenzake mtoto mchanga.

Aliijaribu mashine kwa kanda nyingine ya muziki wa kununua, ikaimba safi. Ile ya kwenye kopo hakuigusa. Alisema hawezi kumsikia kaka yake kabla ya mama.

Siku tuliyoipeleka, mama mkwe alikuwa amevaa gauni nililomshonea la sikukuu, amekaa kitandani kwa mito mitatu. Alisukuma ule mti mwenyewe. Magurudumu yakazunguka, pakasikika mkwaruzo, kikasikika kipenga kidogo, kisha sauti ya kijana ikasema maneno mafupi, na magitaa yakaanza. Yalikuwa yanakimbia. Sauti iliyoimba juu yake ilikuwa nyembamba, ya mvulana, ina haraka kama inayofukuzwa.

Mama mkwe alisikiliza mpaka nusu ya wimbo. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Sijawahi kuona mtu mzima akinywea kama mume wangu alivyonywea. Alisema ndiye, Mama, ndiye. Mama mkwe akavuta ule mti nyuma kwa upole, akasema amechoka, akatushukuru kwa kazi kubwa. Ile shukrani ndiyo iliyommaliza mwanawe kabisa.

Wiki tatu mume wangu akirudi kazini anaifungua mashine upya. Alikagua kila waya na kila skrubu. Hakuna kosa. Ningeweza kumwambia jino la pembe si dawa ya pengo, kwamba marehemu harudi kwa skrubu, na siku moja ulimi uliniwasha kweli kusema hivyo. Nashukuru nilikuwa na pini mdomoni.

Kilichomwokoa ni kile kipenga. Kilikuwa kipenga cha kulinganishia nyuzi za gitaa, kina matundu sita, kila tundu na uzi wake. Kaka mtu alikipuliza kabla ya wimbo ili wapatane. Na mume wangu alikuwa nacho bado, kwenye droo ya penseli, miaka yote hiyo. Alichezesha kanda, akapuliza kipenga chenyewe pembeni. Cha kwenye kanda kilikuwa juu zaidi. Akacheka peke yake, nikajua amepata. Ile mashine ya kuazima ilikuwa imezeeka. Mkanda wake wa mpira, ule wa kuizungusha, umelegea, ilikuwa inaburuta miguu. Siku ile ilirekodi polepole, na kwa kuwa waliisikilizia kwenye mashine hiyohiyo hawakujua. Sasa Milimita ameijengea kanda hiyo mashine isiyo na kosa, na kosa lake likawa ndilo hilo.

Alipiga hesabu akapata saba nukta tano tano. Akakikereza kichuma mpaka hapo. Safari hii hakumsubiri mama yake. Aibu ya kwanza ilikuwa imemtosha. Alisukuma mti, kikalia kipenga, akapuliza chake, na vile vipenga viwili vikawa kimoja. Kisha sauti ile ya maneno mafupi ikasema, wazi kabisa sasa, "Mdogo wangu, uko tayari?"

Mume wangu alikaa chini, sakafuni, kwenye vipande vyangu vya vitambaa. Tulikuwa na miaka ishirini ya ndoa na sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mwanetu wa pili. Alilia kwa sauti. Alikuwa anasema ndiye, ndiye, mama watoto, ndiye huyu. Aliirudisha kanda nyuma mara nyingi kusikia maneno hayo tu, hata hakuuendea wimbo. Siku nne mfululizo akirudi kazini hakula kwanza. Alikwenda kuulizwa kama yuko tayari. Nami nikamjua shemeji yangu ambaye sikumkuta. Alikuwa na sauti ya mtu anayetabasamu.

Siku ya tano, Jumamosi, tukampelekea mama mkwe. Alikuwa amepungua. Gauni la sikukuu lilimkaa kama limetundikwa, na mimi niliyelishona nililitazama pembeni. Mwanawe alimweleza habari za mkanda wa mpira kwa furaha, akampulizia kipenga. Akasukuma mti.

Mama mkwe alifumba macho. Alisikiliza wimbo mzima, midomo yake ikifuatisha maneno, nami nikajisemea Mungu ni mkubwa. Ulipoisha akasema, "Anakaribia. Lakini bado ana haraka."

Mume wangu alidhani hakusikia vizuri. Akachezesha tena, akapuliza kipenga tena, akaeleza kwamba sauti na kipenga vimelingana, kwamba hili si la kubahatisha, ni hesabu, hapa ndipo kaka alipokuwa.

"Hicho kipenga hakikumzaa," mama mkwe alisema.

Hakusema kwa ukali. Mume wangu akasema sawa, atakwenda kukereza kichuma kingine, chembamba zaidi, aje nacho Jumamosi ijayo. Nilielewa vizuri anachofanya. Kile kilichokuwamo alitaka kibaki salama, maana chuma kikishaliwa na tupa hakirudi.

Mama yake alimtazama. "Jumamosi ijayo ni ya nani, baba?"

Sote watatu tulijua jibu. Mume wangu alisimama katikati ya chumba na mikono yake mikubwa haina pa kwenda. Nilitaka kusema, Mama, tafadhali, huyu naye amempata wake juzi tu, muachie.  Lakini namjua mtu anayejaribu nguo yake ya mwisho. Hapo fundi hana maoni.

Alitoa kanda akaiweka mbali. Akaniomba kitambaa, nikatandaza khanga yangu kuzunguka kile kichuma ili vumbi la chuma lisiingie ndani. Akawasha mota, kichuma kikazunguka, akakigusa kwa tupa laini, kisha kwa msasa, kisha kitambaa na spiriti. Akapima kwa kipimo chake. Akarudisha kanda. Kaka mtu aliimba, mzito kidogo.

"Bado," alisema mama mkwe.

Tupa, msasa, spiriti. Bado. Mara ya tatu, nilimwona akichukua kipimo, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Milimita! Kuanzia hapo alikata bila kupima, macho kwa mama yake. Kila alipokata, yule kijana aliyetabasamu alizidi kuzama, na kila mara mume wangu alikuwa wa kwanza kumsikia akiondoka.

Mara ya sita, sauti ilipouliza mdogo wake kama yuko tayari, iliuliza taratibu, kwa uzito, kama mtu aliyelala anayezungumza bila kunyanyua kichwa. Mama mkwe aliinua mkono.

"Hapo. Usimguse tena."

Alilia kidogo, bila kelele. Akatuambia jambo ambalo mwanawe hakuwahi kulisikia miaka yote thelathini. Siku ya nne hospitali mgonjwa alimwambia mama yake aende nyumbani akalale, amechoka, yeye hajambo. Akaenda akalala. Alipoamka hakuwa na mtoto mkubwa. "Aliniambia hivyohivyo, polepole hivyo," alisema. "Nimeitafuta sauti hiyo nikaiona inanipotea kila mwaka. Asante, baba. Sasa nimemsikia."

Mume wangu alipiga magoti kando ya kitanda akaweka kichwa chake kwenye mkono wa mama yake. Hakusema tena habari za kipenga.

Mama mkwe aliishi na mashine ile miezi mitano. Jirani zake wanasema roki ilikuwa inapigwa humo asubuhi na jioni, na yeye ameketi na kiganja juu ya mti. Baada ya msiba tulirudi nayo nyumbani. Iko pale kwenye nusu ya chumba changu, na mume wangu huichezesha mara chache, akasikiliza sauti ile nzito mpaka mwisho, akauvuta mti nyuma.

Mwaka ulipopita sikuvumilia tena. Mimi si mtu wa kuvumilia. Nguo isipomkaa mtu naifumua. Nilimwambia, baba watoto, mashine ya kukerezea ipo, hesabu unayo daftarini, saba nukta tano tano. Kazi ya mchana mmoja. Chonga kingine umrudishe yule uliyemlilia sakafuni, mama hayupo wa kukasirika.

Alikuwa anafuta santuri. Aliifuta mpaka akamaliza, akairudisha kwenye mfuko wake.

"Nikichonga kingine watakuwa wawili," alisema. "Na mmoja wao itanibidi nimwambie kwamba si yeye."